Cheche ya Maji na Aliyeilipia

Jumamosi moja asubuhi mpwa wangu, fundi simu wa miaka 19, aliingia uani kwangu amekumbatia maikrowevu mbovu aliyoinunua kwa bei ya chuma chakavu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, karibu." Hata kiti hakungoja. Alitaka nimwazime bisibisi ndefu na nafasi kwenye meza yangu, kwa kuwa alikuwa ameona kwenye simu namna ya kuitoa transfoma iliyomo ndani, kuiunga kwenye soketi, na kupitisha cheche zake katikati ya mvuke unaotoka kwenye birika. Alikuwa ameambiwa kwamba mvuke ukipigwa na cheche hugawanyika ukawa gesi inayowaka, na kwamba Marekani kuna mtu aliyewahi kuendesha gari kwa maji matupu kwa njia hiyo.

Nilimwomba aiweke chini. Niliyomwambia siku ile nayaandika hapa, maana vijana wa namna yake ni wengi, nami nawapenda, na sitaki hata mmoja wao azikwe kwa ajili ya swali zuri.

Transfoma ya maikrowevu hupandisha umeme wa nyumbani hadi kwenye volti 2,000 hivi. Volti peke yake si hoja. Ukivua sweta la nailoni siku kavu unapigwa na maelfu ya volti na hufi. Hoja ni kwamba transfoma hii ina nguvu ya kusukuma mkondo mkubwa, na itaendelea kuusukuma kwa muda wote utakaokuwa umeishika. Sehemu moja ya kumi ya ampia ikipita kifuani inatosha kuuvuruga moyo, na kifaa hiki kinaweza kutoa mara kadhaa ya hiyo. Kapasita iliyo pembeni yake huweza kubaki na chaji hata waya ukishachomolewa ukutani. Na breka tunayoitegemea nyumbani haioni kinachotokea upande wa pili wa transfoma: mtu anayekufa na wali unaopashwa moto, kwake vyote ni mzigo tu wa kawaida. Marekani kuna watu walioanza kutumia transfoma hizi kuchora michirizi kama ya radi kwenye mbao. Humwagia mbao maji yaliyotiwa chumvi au magadi, kisha hupitisha umeme juu yake. Zaidi ya watu 30 wamekufa. Chama cha wakereza mbao cha nchi hiyo kilipiga marufuku uchoraji huo kwenye shughuli zake mwaka 2017, na wanachama wake si watu wanaoogopa vifaa.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu. Lakini niliona usoni mwake jambo nililolizoea nilipokuwa mwalimu wa fizikia: ameambiwa hapana, na swali lake limebaki palepale. Kijana wa namna hiyo akitoka hapo huenda akaifungulie ile maikrowevu chumbani kwake usiku, peke yake. Kumnyang'anya tu hakutoshi. Lazima apewe kitu mahali pake, na kitu hicho kiwe kweli, si picha ya ubaoni.

Tena swali lake lilikuwa halali. Mvuke na cheche vina undugu, na undugu huo ulijulikana kabla nyumba yoyote duniani haijawaka taa ya umeme.

Mwaka 1840, kwenye mgodi wa makaa ya mawe karibu na Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, boila moja lilikuwa likivujisha mvuke karibu na vali yake ya usalama. Mwendesha boila alikuwa ametia mkono mmoja kwenye ule mvuke, na mwingine akaupeleka kwenye chuma cha vali. Cheche ikaruka kati ya chuma na kidole, naye akapigwa shoti. Hapakuwa na waya, hapakuwa na betri. Makaa, maji na chuma tu. Angeweza kunyamaza, au wenzake wangeweza kumwambia kwamba ameota. Alisema, habari ikaenea, ikamfikia wakili mmoja kijana wa mjini Newcastle, William Armstrong, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30. Mchana Armstrong alishughulika na hati na mashauri ya watu. Moyo wake ulikuwa kwenye mitambo. Alikwenda mwenyewe, akaiona cheche, akamwandikia Michael Faraday, mwanasayansi aliyeheshimiwa kuliko wote katika mambo ya umeme wakati ule.

Kisha akatengeneza mtambo. Aliweka boila la chuma juu ya miguu ya vioo ili umeme usitorokee ardhini, akaupitisha mvuke kwenye mirija myembamba iliyowekewa vipande vya mti mgumu ndani, na mbele yake akasimamisha safu ya ncha za chuma za kupokea chaji. Mtambo wa aina hiyo ulionyeshwa London mwaka 1843, ukitoa cheche zenye urefu wa zaidi ya nusu mita. Fikiria boila lililofuka moshi na kunguruma, na pembeni yake radi ndogo zikipiga moja baada ya nyingine.

Faraday naye hakukaa kushangaa. Mwaka huohuo wa 1843 alichapisha uchunguzi wake, nami hadi leo nikiusoma najisikia kama nimekaa na fundi mwenye subira kuliko wote. Watu walidhani umeme unazaliwa maji yanapogeuka mvuke. Faraday alionyesha kwamba sivyo. Mvuke mkavu kabisa hautoi kitu. Kinachofanya kazi ni vitone vidogo vya maji vinavyobebwa na mvuke na kusuguana na kuta za mrija wakati wa kutoka. Mvuke ni kama upepo tu unaovisukuma. Akatia chumvi kidogo kwenye maji, umeme ukakoma. Akatia mafuta ya tapentaini, umeme ukageuka: chaji iliyokuwa chanya ikawa hasi. Maji yaliyofaa kuliko yote ni yale yaliyochujwa kwa kuchemshwa, ambayo sisi tunayanunua kwenye vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Kila mara alibadilisha jambo moja tu, akatazama, akaandika.

Hapa ndipo nilipomfundisha mpwa wangu swali ambalo kwangu lina thamani kuliko kifaa chochote: cheche hii nani ameilipia? Umeme wa Armstrong ulilipiwa na makaa yaliyowaka chini ya boila. Makaa yalichemsha maji, maji yakasukuma vitone, vitone vikasuguana na mti. Hakuna hatua hata moja iliyopata kitu cha bure.

Sikumruhusu atengeneze boila. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huhitaji nafasi ya lita 1,700 hivi, na chuma kilichoungwa na mtu asiye na uzoefu hakimpi mvuke nafasi hiyo kwa upole. Hata shinikizo dogo la mvuke humenya ngozi kabla mtu hajavuta mkono. Lakini kuna kifaa kingine cha maji, cha mwaka 1867, ambacho hakihitaji moto wala soketi, na hicho ndicho tulichokitengeneza mchana ule uani.

Aliyekibuni ni William Thomson wa Glasgow, ambaye baadaye alipewa cheo na kuitwa Lord Kelvin. Ndoo moja ya maji iko juu. Inatoa michirizi miwili myembamba, ambayo kila mmoja hukatika ukawa matone. Kila mchirizi unapita katikati ya pete ya chuma bila kuigusa, kisha unaangukia kwenye kopo lake. Siri iko kwenye waya mbili: pete ya kushoto imeungwa na kopo la kulia, na pete ya kulia imeungwa na kopo la kushoto. Makopo yamesimama juu ya kitu kisichopitisha umeme. Ni hivyo tu. Sisi tulitumia makopo ya maziwa ya unga, pete tulizokunja kwa waya nene wa shaba, chupa tupu za plastiki kwa miguu, na mirija ya dripu, ambayo ina kigurudumu chake cha kupunguza maji na inakata matone kwa utiifu ambao mabomba yetu hayajawahi kuwa nao.

Mpwa wangu aliuliza chaji ya kwanza inatoka wapi. Hutokea tu, kwa sababu hakuna makopo mawili duniani yaliyo sawasawa kabisa. Tuseme kopo la kushoto limezidiwa kidogo na chaji hasi. Pete ya kulia, kwa kuwa imeungwa nalo, nayo inakuwa hasi. Pete hiyo hasi inavuta chaji chanya kwenye maji yaliyo juu yake, na kila tone linalokatika hapo linaondoka na chanya kidogo kwenda kopo la kulia. Kopo la kulia sasa ni chanya, kwa hiyo pete ya kushoto ni chanya, kwa hiyo matone ya kushoto yanabeba hasi kwenda kwenye kopo ambalo tayari ni hasi. Mzunguko unajilisha. Kidogo kinazaa kingi kwa kasi ambayo macho hayaamini.

Kwa nusu dakika hakikutokea kitu, na kijana akaanza kuniangalia kwa huruma. Kisha matone yakaanza kukataa kuingia koponi. Yalitawanyika, mengine yakapinda njiani, machache yakazunguka na kurukia juu ya pete yaliyokwisha kuipita. Akachukua tesita yake ya mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa, akaigusisha kopo, na kitaa kikamweka mara moja. Baada ya hapo tukasogeza ncha mbili za waya karibu na karibu mpaka tukasikia: tik. Kisha kimya. Kisha tik nyingine. Hewa kavu huvunjika ikifikia volti 30,000 hivi kwa kila sentimita, kwa hiyo cheche yetu ya milimita mbili ilituambia kwamba tumepata volti elfu kadhaa kutoka kwenye ndoo ya maji ya bomba. Volti zaidi ya zile za maikrowevu, na alipojigusisha kwa makusudi aliruka kidogo akacheka, kwa kuwa chaji yote iliyokusanyika ni kidogo mno na ikitoka mara moja imekwisha. Hakuna kinachoendelea kusukuma.

"Nani amelipa?" nikamuuliza.

Alifikiri muda mrefu. Akatazama makopo, akatazama waya. Halafu akatazama ndoo, na mikono yake. "Mimi," akasema. "Niliipandisha."

Ndivyo. Tone lenye chaji linaposhuka kuelekea kopo lenye chaji kama yake, kopo linalisukuma lirudi juu. Uzito wa tone unalilazimisha kushuka hivyo hivyo, na kazi hiyo ya kulazimisha ndiyo inayogeuka umeme. Ndoo ya lita 10 ukiipandisha mita 1 umeweka akiba ya jouli 100 hivi. Uniti moja ya umeme tunayonunua kwa LUKU ni jouli milioni 3.6. Ungehitaji kupandisha ndoo kama 36,000 kuipata, hata kama kifaa chetu kisingepoteza kitu, nacho kinapoteza karibu jouli zote.

Kutoka hapo habari ya gari la maji ilikuwa rahisi kuieleza, na nilifurahi kwamba sikuanza nayo. Stanley Meyer wa jimbo la Ohio alidai kwamba kifaa chake kingeweza kuyagawa maji kwa umeme mdogo ajabu, na kwamba gari lake lingevuka Marekani kutoka Los Angeles hadi New York kwa galoni 22 za maji. Wawekezaji wawili walimshtaki. Wataalamu walioitwa mahakamani walikichunguza kifaa wakaona ni uchanganuzi wa kawaida wa maji kwa umeme, hakuna kipya. Mwaka 1996 mahakama iliamua kwamba ametenda ulaghai wa wazi na ikaamuru arudishe dola 25,000. Kinachoniuma ni kwamba miaka mingi baada ya hukumu hiyo, madai yaleyale yanawafikia vijana wetu kwenye simu bila hukumu kuambatana nayo.

Maji si kuni. Maji ni majivu. Ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuitenganisha tena haidrojeni na oksijeni katika lita moja ya maji kunahitaji si chini ya uniti 4.4 za nishati, na ukiichoma haidrojeni hiyo ikarudi kuwa maji unapata uniti 4.4 zilezile kama joto, si zaidi hata chembe. Cheche iwe ndefu, iwe ya volti milioni, ipigwe kwenye mvuke au kwenye ukungu, hesabu haibadiliki. Mpwa wangu aliiandika kwa kalamu na karatasi, kisha akatoa kile ambacho injini yoyote hupoteza kwa joto lake, akanyamaza. Sikuwa na haja ya kumwambia kwamba alidanganywa. Alikuwa amekwisha kumtafuta anayelipa, hakumpata.

Nisieleweke kwamba cheche ndogo ni mchezo popote pale. Uani, mbali na jiko la gesi na dumu la petroli, ni salama, ingawa mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiisogelee. Mahali pengine ni jambo jingine kabisa. Desemba 1969, ndani ya mwezi mmoja, meli tatu kubwa za mafuta zililipuka: Marpessa karibu na Dakar, Mactra hapa kwetu katika Mlango-bahari wa Msumbiji, na Kong Haakon VII pwani ya Afrika Magharibi. Zote zilikuwa zinarudi tupu, na matangi yake yalikuwa yanaoshwa kwa mitambo ya kurusha maji kwa nguvu. Maji yakipiga ukuta wa chuma hutawanyika ukungu, ukungu huo hubeba chaji, na tangi tupu la mafuta limejaa mvuke wa mafuta. Maelezo yaliyokubalika zaidi na wachunguzi ni kwamba maji yenyewe ya kusafishia ndiyo yaliyoleta cheche. Marpessa ilizama ikiwa kwenye safari yake ya kwanza. Baada ya misiba ile meli kubwa za mafuta zilianza kujaziwa matangi gesi isiyosaidia moto wakati wa kuosha, na leo ni sheria ya kimataifa. Ni elimu ileile ya vitone vya Faraday, imekuja kwa gharama ya meli na watu, miaka 126 baadaye.

Na cheche ndani ya maji inaponya pia. Februari 1980, mjini Munich, madaktari walimlaza mgonjwa wa mawe ya figo ndani ya beseni la maji, na chini yake cheche kali ikapigwa majini. Cheche ya namna hiyo hugeuza maji kidogo kuwa gesi ya moto mkali kwa muda mfupi mno, na maji yaliyoizunguka yanasukumwa kwa wimbi la mshindo. Wimbi hilo lilikusanywa na bakuli la chuma lililopindwa kwa hesabu, likaelekezwa mahali pamoja tu, kwenye jiwe. Jiwe likavunjika bila kisu. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayopasua chupa ya kioo usoni mwa kijana anayejaribu jambo hili chumbani, kwa hiyo hapa sibembelezi: cheche zenye nguvu ndani ya maji ni za hospitali na maabara.

Shule ya kwanza niliyofundisha ilikuwa na kabati la vifaa vya umeme tuli, kufuli mlangoni, ufunguo ofisini. Vifaa vile vilikuwa vya kuonyeshwa wageni. Wanafunzi wa kidato cha pili walichora chaji chanya na hasi daftarini, wakafaulu, na wengi wao hawajawahi kusikia tik. Nami nilikuwa mmoja wa waliokubali hali ile iendelee. Leo naona kwamba kufuli ile ndiyo iliyompeleka mpwa wangu kwa watu wa gari la maji, kwa sababu wao walimwonyesha cheche na sisi tulimwonyesha mchoro. Natamani kila mwalimu wa fizikia anayesoma gazeti hili leo atafute makopo mawili na mirija miwili ya dripu kabla ya Jumatatu. Haihitaji kibali wala bajeti. Na mafundi wa mitaani, ambao vijana huwaamini kuliko sisi, nawaomba wasiuze transfoma za maikrowevu kwa mtoto anayekuja kuulizia cheche. Wamwulize anataka kujua nini.

Armstrong, nikirudi kwake, aliacha uwakili mwaka 1847 akafungua kiwanda cha winchi zinazoendeshwa kwa maji, akawa tajiri mkubwa, sehemu kubwa ya utajiri huo kwa mizinga ya vita, jambo ambalo sijawahi kulifurahia. Lakini uzeeni alirudi kwenye cheche na maji. Mwaka 1893 aliwaonyesha watu wa Newcastle glasi mbili za maji zilizounganishwa kwa uzi wa pamba uliolowa. Alipotia umeme wa volti nyingi, uzi ulivutwa ukaingia wote kwenye glasi moja, na kwa muda mfupi maji yakabaki yakining'inia hewani kati ya glasi mbili, kamba ya maji isiyo na uzi. Alikuwa na zaidi ya miaka 80.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na mpwa wangu akanipigia simu kwamba kifaa kimekufa. Matone yanaanguka, makopo yamekaa kimya, tesita haiwaki. Nikamwambia ni unyevu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, wingu je? Lenyewe limelowa kuliko makopo yangu, mbona linapiga?"

Miaka yangu yote darasani sikuwahi kuulizwa hilo. Nikamwambia kwamba hewa yenye unyevu bado ni kizuizi kizuri. Kinachoiba chaji ni utando wa maji kwenye miguu ya chupa zake, ambao umekuwa njia ya kuteremkia ardhini. Wingu halina miguu. Ndani yake vipande vya barafu vinagongana, vidogo vikipanda na upepo, vizito vikishuka, na kila kundi linaondoka na chaji yake kilomita kadhaa mbali na mwenzake, bila meza wala chupa ya kuivujisha. Anayelipa ni jua, lililoupandisha mvuke kutoka ziwani na msituni. Ndiyo maana Kabare, milimani karibu na Bukavu, ni miongoni mwa mahali panapopigwa na radi zaidi duniani: zaidi ya mimweko 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba.

"Kumbe ni chupa," akasema. Nikasikia simu ikiwekwa mezani, kisha sauti ya kitambaa kikavu kikisugua plastiki, na mvua nyuma yake.